Bendera ya kikosi: majina ya vita yameandikwa, ya wapagazi yako wapi?

Kila tarehe 12 Desemba, Wakenya wanapoadhimisha Sikukuu ya Jamhuri, hufika wakati ambapo mtangazaji wa redio hupunguza sauti. Bendi imebadilisha wimbo. Askari wanatembea kwa mwendo wa polepole, na ofisa kijana amebeba bendera akiipitisha mbele ya safu za wenzake. Rais amesimama, na watu wote uwanjani wamesimama. Wewe unayesikiliza nyumbani unasikia buti na ngoma, lakini huoni kilichoandikwa kwenye kitambaa kile.

Bendera hiyo si bendera ya taifa, ile ya nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe ambayo kila mtoto wa shule anaijua. Ni bendera ya heshima ya kikosi kimoja cha jeshi. Ina rangi zake, nembo yake na maandishi yake, na kila kitu kilichoshonwa juu yake kina maana. Ukijua kuisoma, unasoma historia ya kikosi hicho kama jeshi lenyewe linavyotaka ikumbukwe.

Neno la kuangalia hapo ni "linavyotaka". Bendera za aina hii zilikuja Afrika Mashariki na jeshi la Mwingereza, na zilikuja na kanuni zake: vita gani viandikwe, nani ahesabike, nani aachwe. Kwa kanuni hizo, kundi kubwa kuliko yote la watu wetu waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza halikupata nafasi juu ya kitambaa chochote. Makala hii inaeleza jinsi bendera ya kikosi inavyosomwa, na kwa nini jambo hilo bado linazihusu familia nyingi za vijijini leo.

Ilianzia wapi?

Zamani, kabla ya simu za upepo, vita vilipiganwa ana kwa ana katikati ya moshi mzito wa baruti. Askari hakuona mbali na hakusikia amri. Aliyepotezana na wenzake alihitaji kitu kikubwa, kilichoinuliwa juu, cha kumwonyesha kikosi chake kiko wapi. Kitu hicho kilikuwa bendera. Ilipokuwepo bendera, kikosi kilikuwepo. Ilipoanguka au kutekwa, kikosi kilihesabika kimevunjika.

Ndiyo maana ilibidi kila askari aijue kwa macho. Ilipitishwa mbele ya safu polepole, kila mtu aitazame vizuri, ili siku ya vita asiifuate ya adui. Gwaride tunalolisikia kila Desemba limetokana na zoezi hilo. Moshi wa baruti haupo tena, lakini mwendo wa polepole umebaki.

Kisa kimoja cha hapa Afrika kinaonyesha uzito wake. Tarehe 22 Januari 1879, jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza huko Isandlwana, Afrika Kusini. Watu wapatao 1,300 wa upande wa Waingereza waliuawa. Siku ikielekea kuharibika kabisa, ofisa mmoja, Melvill, alitoka na bendera ya kikosi chake akijaribu kuivusha Mto Buffalo. Mwenzake Coghill alirudi majini kumsaidia. Wote wawili waliuawa ng'ambo ya mto, na bendera ikachukuliwa na maji. Siku chache baadaye ilipatikana mtoni, imelowa na kuchanika. Malkia Victoria mwenyewe aliiwekea shada la maua, na tangu hapo warithi wa kikosi hicho huweka shada la fedha juu ya mti wa bendera yao.

Majina ya maofisa hao wawili yanajulikana hadi leo. Lakini miongoni mwa waliokufa siku ile walikuwemo mamia ya Waafrika wa Natal waliokuwa wakipigana upande wa Waingereza, na ni wachache mno ambao majina yao yanatajwa popote. Hali hiyo itajirudia Afrika Mashariki, kwa idadi kubwa zaidi.

Miaka miwili baadaye, Januari 1881, huko Laing's Nek, pia Afrika Kusini, kikosi cha Uingereza kiliingia vitani na bendera zake kwa mara ya mwisho. Bunduki zilikuwa zimeanza kupiga mbali na kwa shabaha, na aliyebeba bendera alikuwa amejitangaza kuwa shabaha. Tangu hapo bendera za vikosi hubaki nyuma, na kazi yake ni heshima na kumbukumbu.

Jinsi ya kuisoma

Kwa kawaida kikosi cha askari wa miguu katika mtindo huu huwa na bendera mbili. Ya kwanza ni ya mkuu wa nchi: kwa Mwingereza ni ya Mfalme, na nchini Kenya ni ya Rais. Hiyo inasema kikosi kinamtii nani. Ya pili ni ya kikosi chenyewe, na inasema kikosi ni nani na kimepita wapi.

Bendera zote mbili ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Ya jeshi la miguu la Uingereza ina urefu wa sentimita 114 hivi na upana wa sentimita 91, karibu ukubwa wa kanga iliyokunjwa mara moja. Hushonwa kwa hariri, pembeni huwekwa matamvua ya nyuzi za rangi ya dhahabu, na juu ya mti wake huwekwa pambo la chuma. Kabla ya kutumika huombewa na viongozi wa dini, na kwa desturi hulazwa juu ya ngoma za jeshi zilizopangwa pamoja. Ikizeeka haitupwi. Huwekwa kanisani, makumbusho au mahali pengine pa heshima, ikaachwa ichakae yenyewe.

Ukisimama mbele yake, tazama mambo manne.

La kwanza ni rangi ya kitambaa. Bendera ya kikosi mara nyingi huchukua rangi iliyokuwa kwenye kola na ncha za mikono ya sare zake za zamani. Askari alitambuliwa kwa nguo yake, na bendera ikafuata nguo.

La pili ni nembo ya katikati. Inaweza kuwa mnyama, silaha, mmea au chombo. King's African Rifles, jeshi ambalo babu zetu waliliita Keya, lilitumia alama ya baragumu. Baragumu ni alama ya zamani ya vikosi vya rifles, askari wepesi waliotawanyika porini na kupewa amri kwa mlio wa pembe. Huko Uingereza vikosi vya rifles havibebi bendera kabisa, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kujificha. Keya walibeba jina la rifles na bado wakapewa bendera.

La tatu ni taji. Hili ndilo linalobadilika mtawala anapobadilika. Malkia Elizabeth alipofariki Septemba 2022, Mfalme Charles alichagua umbo jingine la taji pamoja na herufi zake mwenyewe. Tarehe 27 Aprili 2023, katika jumba la Buckingham, alikabidhi bendera mpya kwa vikosi kadhaa. Nyingine zinaendelea kutumika zikiwa na herufi za mama yake hadi zamu yake ifike. Kwetu taji lilitoka kabisa. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na vikosi vyake vya Keya vikawa Kenya Rifles. Mwaka mmoja baadaye ikawa jamhuri, na mahali pa Malkia pakawa pa Rais.

La nne, na ndilo zito kuliko yote, ni majina ya vita. Huandikwa kwa nyuzi kuizunguka nembo, moja moja, kama majina ya marehemu kwenye jiwe la kaburi. Kikosi hakijiandikii. Huomba, wakubwa hukaa na kupima, kisha mtawala hukubali. Jina likishaingia, limeingia.

Vita vya Keya

Keya iliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya makoloni ya Mwingereza katika sehemu hii ya Afrika: Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Kenya, Uganda na Somalia ya Waingereza. Watu wa Tanganyika waliingia kwa wingi baadaye, Mjerumani aliposhindwa. Vita vilipoanza mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na vikosi 3 tu. Vilipomalizika mwaka 1918 lilikuwa na vikosi 22 na askari zaidi ya 30,000.

Miongoni mwa majina ya vita ambayo Keya walipewa kuna haya ya Vita vya Kwanza: Kilimanjaro, Narungombe, Nyangao, na moja la kufunga yote, Afrika Mashariki 1914 hadi 1918. Narungombe iko bara ya Kilwa, na Nyangao iko Lindi. Mapigano ya Nyangao na Mahiwa, Oktoba 1917, yalikuwa miongoni mwa yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote katika vita vile. Msikilizaji wa Lindi anaweza kupanda basi akapita Nyangao bila kujua kwamba jina la mji huo liliandikwa kwa nyuzi katika kumbukumbu za jeshi la kigeni.

Kutoka Vita vya Pili kuna Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia. Kuna Colito na Gondar, ndani ya Ethiopia, ambako Keya walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Kuna Madagaska, 1942. Na kuna Mawlaik na Burma, ambako vijana wa Kitui, Songea, Gulu na Zomba walipigana na Wajapani katika misitu na mvua.

Tazama pia kilichokosekana. Miaka ya 1950 Keya walitumwa msituni Kenya kupigana na Mau Mau. Ilikuwa kazi ya miaka, na watu wengi walikufa. Haimo katika orodha ya heshima. Serikali ya kikoloni iliita ile hali ya hatari, kazi ya kulinda usalama ndani ya koloni, na kazi ya namna hiyo haikupewa jina kwenye bendera. Kwa wapiganaji wa Mau Mau ilikuwa vita vya ardhi na uhuru. Bendera haikuchukua upande kwa maneno. Ilinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulikuwa na upande.

Kanuni ya nusu ya kikosi

Baada ya Vita vya Kwanza, Uingereza iliweka kanuni ya kugawa majina. Ili kikosi kipewe jina la pambano fulani, makao yake makuu na angalau nusu ya askari wake walitakiwa wawe wamekuwepo. Kanuni hii ina mantiki. Bila hiyo kila mtu angedai alikuwepo kila mahali.

Lakini ona inachofanya. Inapima vikosi vya kupigana. Inauliza: kikosi gani kilikuwepo, na kwa wingi gani? Haiulizi nani alibeba chakula cha kikosi hicho, nani alibeba risasi, nani alibeba majeruhi kuwarudisha, wala nani alikufa kwa kuhara njiani wiki tatu kabla ya pambano.

Na katika vita vya Afrika Mashariki hao ndio waliokuwa wengi. Reli zilikuwa mbili tatu. Barabara za magari zilikuwa chache na mvua ilizimeza. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu. Waingereza na washirika wao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, wengine kwa kuandikishwa na wengi kwa kukamatwa vijijini kupitia machifu. Kadiri askari walivyosonga mbele ndivyo wapagazi walivyohitajika zaidi, maana mpagazi naye hula, na chakula chake lazima kibebwe na mpagazi mwingine.

Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Mtu wa milimani alipelekwa joto la Rufiji, mla ndizi akapewa unga usioiva vizuri, mtu asiye na blanketi akalala kwenye mvua. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikaribia laki moja. Upande wa Wajerumani nao waliwachukua wapagazi wengi, na huko hesabu ni ngumu zaidi.

Jina la kazi yao kwa Kiingereza lilikuwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalifanya Kariakoo. Dar es Salaam likabaki jina la soko na mtaa, Nairobi likawa Kariokor. Watu hununua nyanya na mitumba pale kila siku, na jina wanalolitaja ni jina la wapagazi. Kwa wengi wao hiyo ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki hadharani: jina la soko.

Yapo pia masanamu ya askari Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, yaliyosimamishwa miaka ya 1920. Lile la Nairobi lina mpagazi kati ya watu wake watatu, na maandishi yake yamo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Lakini hakuna jina la mtu. Sanamu inasema kwa jumla: walikuwepo.

Kilichokubaliwa mwaka 2021

Kwa muda mrefu familia zilizouliza kuhusu hao zilijibiwa kwamba vita ni vita na orodha hazikuwekwa. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo inayotunza makaburi na minara ya askari waliokufa chini ya Uingereza, ilitoa ripoti juu yake yenyewe. Ilikubali kwamba watu wapatao 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Ripoti ilitaja wazi kwamba ubaguzi na fikra za kikoloni zilichangia. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Novemba 2023, Mfalme Charles alipozuru Kenya, alifika kwenye makaburi ya vita ya Kariokor. Januari 2025 mnara ulizinduliwa Cape Town kwa ajili ya vibarua weusi wa Afrika Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita hivyo hivyo bila kuwa na kaburi linalojulikana. Kila mmoja ana nguzo ya mbao yenye jina lake. Iliwezekana kwa sababu majina yao yalikuwa yamehifadhiwa katika karatasi. Kwa wapagazi wengi wa Afrika Mashariki karatasi za namna hiyo ziliharibiwa, zilipotea, au majina hayakuandikwa tangu mwanzo.

Hapo ndipo suala hili linapotoka kwenye uwanja wa gwaride na kuingia nyumbani kwa msikilizaji. Kama jina halimo katika karatasi za serikali, mahali pengine linapoweza kuwa ni katika kumbukumbu ya ukoo. Na wazee waliosikia habari hizo kwa baba zao wanatuacha mmoja baada ya mwingine.

Bendera inaweza kubadilishwa?

Historia yetu inaonyesha kwamba ndiyo, na kwamba nchi jirani zilichagua njia tofauti.

Januari 1964, ndani ya juma moja, askari waliasi katika nchi tatu: Tanganyika tarehe 20, Uganda tarehe 23 na Kenya tarehe 24. Walidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza waliokuwa bado wanawaamuru baada ya uhuru. Nchini Kenya, kikosi cha 11 cha Kenya Rifles kilichoasi Lanet kilivunjwa. Jeshi lenyewe liliendelea na desturi nyingi za Keya, na gwaride la bendera ni mojawapo.

Tanganyika ilienda njia nyingine. Maasi yalianzia kwenye kambi ya Colito, Dar es Salaam. Colito ni jina tulilokwisha kulitaja: pambano la Mei 1941 nchini Ethiopia, ambapo sajini mmoja mzungu wa Keya, Nigel Leakey, aliuawa akipambana na vifaru vya Waitaliano na akapewa nishani ya juu kabisa ya Uingereza. Kambi ilipewa jina hilo kwa heshima ya kikosi, kama vile lingeandikwa kwenye bendera. Baada ya maasi jeshi la zamani lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ.

Baadaye kambi ilibadilishwa jina. Leo inaitwa Lugalo. Lugalo ni mahali huko Iringa ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliwashambulia Wajerumani njiani na kumuua kiongozi wao, Emil von Zelewski. Taifa jipya liliweka kando ushindi wa askari Waafrika chini ya amri ya Waingereza, likachukua ushindi wa Waafrika dhidi ya Mzungu.

Malawi haikufanya hivyo. Mjini Mzuzu kuna kambi ya jeshi inayoitwa Moyale hadi leo, kukumbuka askari wa Nyasaland waliopigana mpakani Kenya mwaka 1940.

Nani alifanya sawa? Anayeitetea njia ya Malawi, na ya Kenya, atasema kwamba waliokufa Moyale na Burma walikuwa watoto wetu. Kuvifuta vita vyao kwa sababu bwana alikuwa mkoloni ni kuwaua mara ya pili. Mwanajeshi atakuambia pia kwamba kijana anayesimama zamu usiku anahitaji kujua kwamba wapo waliosimama kabla yake, na bendera humwambia hivyo bila hotuba. Anayeitetea njia ya Tanzania atasema kwamba huwezi kujenga jeshi la wananchi huku ukijisifia vita ulivyopigana kwa niaba ya aliyekutawala.

Hoja zote mbili zina uzito. Lakini zote mbili zinazungumzia wapiganaji. Mpagazi hakuwa Colito kwa jina, na hakuwa Lugalo. Ukibadilisha taji, ukabadilisha nembo na hata majina ya vita, bado unaandika vita na unaacha waliovibeba kichwani. Kasoro haiko katika bendera moja au nyingine. Iko katika kile ambacho bendera ya kikosi inaweza kukumbuka: vikosi na mapambano. Haikutengenezwa kumkumbuka mtu mmoja mmoja, na hasa mtu asiye na bunduki.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuidharau bendera, wala ya kuiachia kazi yote ya kukumbuka. Kazi iliyobaki ni ya majina ya watu, na sehemu yake inaweza kufanywa na sisi wenyewe.

Unachoweza kufanya nyumbani

Kama katika ukoo wenu kuna habari ya mtu aliyechukuliwa "Kariakoo", au aliyekwenda "vita vya Mjerumani" asirudi, usiiache ipotee.

Muulize mzee aliyebaki, kwa heshima na kwa nafasi, bila haraka. Jina kamili na jina la utani. Jina la baba yake. Kijiji, na chifu au jumbe wa wakati ule. Alichukuliwa wakati gani: kabla ya njaa ipi, baada ya mvua ipi, mwaka wa ugonjwa gani. Wazee wengi hawatoi tarehe, lakini matukio hayo humsaidia mtafiti kupata mwaka.

Mrekodi kwa simu akikubali. Andika pia kwenye daftari, maana simu huharibika. Kama ipo nishani, barua, kipande au kitambulisho cha zamani, kipige picha pande zote mbili na ukihifadhi pakavu. Usikiuze kwa mpita njia anayedai anakusanya vyuma vya zamani.

Tahadhari moja. Habari hizi ni za kumbukumbu, na kuandika jina hakumaanishi kwamba fidia inakuja. Yeyote anayekuomba ada ili "akuingize kwenye orodha ya Mfalme" anakutapeli. Mahali salama pa kupeleka nakala ni idara ya nyaraka za taifa, makumbusho, chuo kikuu, au Tume ya Makaburi ya Vita yenyewe, ambayo tangu ripoti ile imesema inatafuta majina yaliyoachwa.

Na siku ya gwaride ikifika, sikiliza kwa sikio jipya. Mtangazaji akisema bendera ya kikosi sasa inapita, jua kwamba juu ya hariri ile kuna nembo, kuna alama ya mkuu wa nchi, na panaweza kuwa na majina ya mahali ambapo watu walikufa. Kisha umuulize aliyekaa karibu nawe kama katika nyumba yenu yupo aliyekwenda asirudi, na alikuwa anaitwa nani.